Mto wa Jozani uko wapi?

MUULIZE MWALIMU
Maswali ya wasomaji kuhusu shamba, bahari na vilivyomo

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Wete. Shule yetu ilivuka kuja Unguja tukapelekwa msitu wa Jozani. Kwetu kuna msitu wa Ngezi, na ukiingia Ngezi unavuka vijito, maji unayaona yakitembea. Jozani nilitafuta mto mpaka tukapanda gari kurudi, sikuuona. Miti mikubwa namna ile inakunywa nini? Nilimuuliza mwenzangu akanicheka.*
Mwanafunzi, Wete

Marahaba mwanangu. Huyo aliyekucheka mpe swali lako alijibu yeye, tuone.

Mto upo, ila hukuuona kwa sababu ulikuwa umeukanyaga. Nitaanza na niliyoyaona mwenyewe, ya vitabuni yatafuata.

Mie nimezaliwa Charawe, mashariki ya msitu huo, na Charawe ni uwandani. Uwandani ni mawe. Udongo uliopo umejificha ndani ya mashimo, na mtu akitaka kupanda muhogo hapigi matuta kama mnavyopiga kwenu. Anatafuta shimo lenye udongo kidogo, anachomeka hapo. Jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale, bahari iliporudi nyuma likabaki juu, na lina matundu kama chila. Mvua ya masika ishuke vyovyote itakavyoshuka, nusu saa baadaye huoni dimbwi. Jiwe limeshakunywa.

Maji hayo hushuka mpaka yakakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza kwa chini kutoka pwani. Ya mvua ni mepesi, ya chumvi ni mazito, basi matamu hulala juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyolala juu ya mchuzi. Kisima chetu kilikuwa pango. Tukishuka kwa vidaraja vya mawe, tunachota kwa kata ya kifuu, tunajaza ndoo. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kisima kilikuwa kinapanda daraja zima, siku za maji mafu, yale madogo ya katikati, kinashuka. Pwani ilikuwa mbali, huisikii hata ikivuma, lakini kisima kilikuwa kinajua mwezi umefika wapi. Na kiangazi kikali, ukitia kata kwa pupa ukachota ya chini, chai ya jioni inaonja chumvi, na mama anajua bila ya kuuliza nani aliyekwenda kisimani.

Sasa chukua maji hayo uyapeleke Jozani. Ukitazama ramani ya Unguja utaona kisiwa kimebanwa shingoni: kaskazini imeingia Ghuba ya Chwaka, kusini umeingia mkono wa bahari mpaka Pete. Jozani iko hapo katikati, mahali pa chini, kama kitako cha bakuli. Udongo umekusanyika ukawa wa kina, na maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi. Miti haina haja ya mto. Inatia mizizi kidogo tu, imeshafika kisimani. Wataalamu wanauita msitu wa maji ya ardhini.

Ulikwenda wakati mkavu, ndiyo maana hukutambua. Nenda masika. Maji yanakuja kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, njia zinapotea, na kuna sehemu nimepita nimekunja kanga mpaka magotini, viatu mkononi, maji ni meusi kama kahawa kwa majani yaliyooza, tena baridi. Hayatembei. Yamekaa tu, yanangoja kiangazi yarudi chini. Utaiona mitondoo imesimama ndani ya maji, na michikichi, na mimea ya jamii ya mkadi yenye mizizi inayoanza juu ya ardhi, kama mtu aliyepanda kwenye magongo asiroe. Utaona pia miti mingi iliyoanguka. Mti uliozaliwa karibu na maji haujifunzi kuchimba. Upepo ukija na ardhi imelowa, unalala na kung'oka na sahani nzima ya mizizi.

Kwenu Pemba mambo ni mengine. Kuna vilima na mabonde, na udongo mzito usiokubali maji yazame upesi, ndiyo yakatafuta njia ya juu juu na kuwa vijito. Hata Unguja mito ipo, upande wa magharibi wenye udongo, kama Mwera na Zingwezingwe. Mji wenyewe ulianza kunywa maji ya mfereji zama za Sultan Barghash, yakiletwa kutoka chemchemi za huko Bububu. Lakini kijito cha Unguja kikithubutu kuelekea mashariki kikafika uwandani, kinamezwa. Unakifuata, unakifuata, halafu kimekwisha, kimeingia jiweni.

Hukuniuliza historia, lakini haiachani na maji, kwa hiyo nivumilie.

Watu husema Jozani imehifadhiwa na serikali. Mie nasema kwanza imehifadhiwa na tope. Uwandani kote tumekata. Tumekata kuni, tumekata za kuchomea chokaa, tumefyeka na kutia moto tupande mtama na muhogo, tukahama tukafyeka kwengine. Pale Jozani ukipanda muhogo masika unaoza, na ng'ombe ukimpeleka anazama. Mpaka miaka ya 1930 alipotokea Mwarabu mmoja mwenye mali akalinunua eneo, akaweka kiwanda cha kupasulia mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1940 liliuzwa kwa Idara ya Misitu. Baba yangu mdogo aliwahi kukokota magogo pale alipokuwa kijana, na alichokuwa akikikumbuka uzeeni si misumeno wala mshahara. Alikumbuka kungoja. Gogo limeshaangushwa, liko pale, na halitoki mpaka ardhi ikauke, maana mkokoteni ukiingia unakwenda na magurudumu yake mpaka kwenye ekseli. Wanakaa kucheza bao.

Hifadhi ya taifa imekuwa 2004, kilomita za mraba 50, msitu pamoja na mikoko na sehemu ya ghuba. Mwaka 2016 UNESCO wakaitia katika orodha yao ya hifadhi za viumbe na binadamu. Na Ngezi kwenu nako kulikuwa na kiwanda cha mbao, waulize wazee wa Konde. Ukirudi kule usiende kutazama popo tu. Tafuta mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni usioota kwengine duniani isipokuwa Pemba. Huo sisi hatuna.

*Mwalimu, mie dereva wa gari ya 310, Makunduchi. Pale Jozani tumewekewa matuta mpaka springi zinakatika. Msitu wa kilomita 50 wote ule, kwa nini kima wasikae ndani wakatuachia barabara? Na kwa nini wanaitwa punju?*
Dereva, Makunduchi

Springi zako zinakatika kwa abiria uliowapakia mpaka juu ya mlango. Nimepanda gari hiyo, nazungumza kwa ushahidi.

Kima hawakuja barabarani, barabara ndiyo iliyowapitia. Kusini ya lami pale ni mashamba ya watu: miembe, miti ya mikungu, minazi. Kima punju ni mla majani, na anachokipenda ni majani machanga. Msituni majani machanga yana msimu. Shambani kuna miembe na mikungu inachipua zamu zamu, kuna jua, hakuna pilika. Basi asubuhi wako huku, mchana wako kule, na katikati wewe unapita na kilomita 80.

Mtazame vizuri siku moja ukisimama. Hana dole gumba. Ana vidole vinne virefu alivyovikunja kama kulabu, anaruka kutoka tawi hadi tawi na kujitundika tu. Jina lao la kitaalamu limetoka kwenye Kigiriki, maana yake aliyekatwa kiungo. Na jina la ukoo huu wa kwetu, lililoingia vitabuni mwaka 1868, ni la John Kirk, Mwingereza yule aliyekuja kuwa balozi wao hapa Unguja. Duniani kote hakuna pengine wanapoishi kwa asili ila kisiwa hiki na visiwa vidogo vya ubavuni mwake. Miaka ya 1970 wachache walipelekwa Ngezi, Pemba, wakajaribiwe huko.

Tumbo lake limegawika vyumba kama la mbuzi, na majani humo huchachuka kabla ya kusagika. Ndiyo maana hali tunda lililoiva. Sukari ikichachuka tumboni mwake ni balaa. Embe bivu linamwangukia mbele ya miguu, analiruka, anakwenda kuchuma changa. Na majani ya mwembe na mkungu yana ukakasi mkali, sumu ya namna yake, basi kima wa mashambani wamejifundisha dawa: wanakula makaa. Nimewaona kwa macho yangu kwenye tanuri lililokwishapoa, mama mtu ameshika kipande cha kaa kama mtoto aliyeshika kashata, anakitafuna, mdomo mweusi, na mwanawe kamning'inia kifuani ananyoosha mkono naye aonje. Makaa yanafyonza ule ukakasi. Hakuna aliyemfundisha mtu huyo. Nimesema mtu, lakini utanifahamu.

Punju ni sumu. Wazee walimwita hivyo kwa harufu yake, nao wakaamini kuwa mti aliokula kima unakufa, na mbwa akimla kima ananyonyoka manyoya. Mbwa wa kunyonyoka sijapata kumwona. Lakini jina lilimfaa: nyama isemwayo ina sumu haitiwi chunguni.

Matuta nayaunga mkono. Yawe na rangi tu, usiku hayaonekani, hapo tuko pamoja.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Nina minazi yangu Kitogani, nimerithi kwa baba. Kima wanavunja vidaka, nazi bado changa kabisa, wanavitupa chini, kila asubuhi naokota. Wageni wanalipa dola kuwatazama, mie navuna makumbi. Usiniambie niwapende. Niambie nifanye nini.*
Mkulima, Kitogani

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Sitakwambia uwapende. Nami nina mwembe.

Ila nitakwambia jambo moja utalikasirikia, halafu ukalipime mwenyewe kwenye minazi yako. Watafiti wawili, mwanamke na mwanamume, walikaa na kima hawa miaka kadhaa, wakaja kuhesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizoangushwa wakati wa kuvuna, mashamba kwa mashamba. Matokeo yalichapishwa 1999. Waliona kwamba mashamba ambayo kima wamekula vidaka zaidi ndiyo yaliyotoa nazi nyingi zaidi. Hawakuona hasara.

Najua utakavyosema, nami nilisema hivyo hivyo. Lakini wewe ni mtu wa minazi, fikiri. Upunga ukifunguka unatoa vidaka vingapi? Na vingapi vinafika kitale, vikawa dafu, koroma, mpaka nazi? Vingi vinaanguka vyenyewe hata katika shamba lisilo kima wala panya. Mnazi hauna maziwa ya kuwanyonyesha wote. Kima akipunguza mapema, waliobaki wanashiba. Ni kama tunavyong'olea mchicha uliosongamana. Wewe unaona kidaka kilichotupwa, kwa kuwa kipo chini na kina alama ya meno. Kile ambacho kingeanguka wiki ya pili hukihesabu, kwa kuwa hakina wa kulaumiwa.

Basi fanya hivi. Chagua minazi kumi wanayoizoea na kumi wasiyoifikia, ya umri mmoja na udongo mmoja. Weka daftari. Kila mwangusi akipanda andika idadi ya nazi, mti kwa mti, kwa mwaka mzima. Ikiwa kumi ya kwanza imetoa kidogo, una ushahidi mkononi na mie nitakuchapishia hapa hapa.

Pia hakikisha unamlaumu aliyekosa. Kima mweusi, yule mwenye mashavu ya nywele, anakula mahindi na ndizi na anafukua muhogo, kisha anakimbia kimya. Punju anakaa mtini mchana kutwa, mwekundu mgongoni, nywele nyeupe zimemzunguka uso kama bibi aliyesahau kuchana. Anaonekana, ndiyo anabeba kesi zote.

Hilo la dola ni swali la haki, wala si la elimu ya wanyama, na hapo sikupingi hata kidogo. Utaratibu upo: sehemu ya kiingilio inarudi vijijini na kwa wenye mashamba ambamo kima wanakula bila ya idhini ya mwenye shamba. Zimejengwa skuli, zimechimbwa visima, hayo nimeyaona. Lakini kati ya utaratibu na mkono wa mtu kuna ofisi. Mwaka mmoja nilikwenda kutia jina kwa ule mwembe wangu, nikaandikwa kwenye daftari la jalada la kijani. Mwaka wa pili nikaambiwa daftari la kijani halijulikani lilipo, niandikwe kwenye la buluu. Mwaka wa tatu sikwenda. Mwembe upo, kima wapo, madaftari sijui.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiende peke yako. Nendeni wenye minazi mkiwa kumi, sheha awepo, na kila mtu atoke na nakala ya alichoandikisha. Sheria ya misitu ya 1996 iliwapa wanakijiji sauti katika misitu yao, wala si fadhila ya mtu. Na mkifika msiseme "kima wanatumaliza". Semeni "kima wa taifa wanalala kwetu, tunadai kodi ya nyumba." Hesabu iliyotangazwa 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyokuwa wakidhaniwa. Wapangaji si wachache.

*Mwalimu, chui wa Unguja yupo au hayupo? Jibu moja tu, tumewekeana dau la soda.*
Vijana wa barazani, Mkunazini

Yule mmoja ninayemjua yuko makumbusho, Beit el-Amani, amejazwa vitu tumboni na anawatazama kwa jicho la gololi. Baada ya Mapinduzi kulikuwa na kampeni ya kuwaua, kwa imani kwamba chui wanafugwa na wachawi, na kufikia miaka ya 1990 wataalamu walikuwa wamekata tamaa. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni kilionyesha picha ya usiku ya mnyama anayefanana na chui, hapa hapa Unguja. Charawe watu wanasema yupo, lakini Charawe watu walisema yupo hata alipokuwapo kweli, kwa hivyo hilo halisaidii.

Soda gawaneni.

*Bi Mwalimu, tunakuja Jozani na watoto Jumapili. Ile njia ya mbao ya mikoko ya Pete twende saa ngapi? Tumeambiwa maji yakijaa hakuna cha kuona.*
Mama wa watoto watatu, Bububu

Aliyewaambia alikwenda na haraka zake. Tazameni kalenda ya mwezi, mfike maji yakiwa yanaanza kuingia, mkae mpaka yafike kati. Watoto watataka kukimbia juu ya mbao. Waacheni wakimbie mara moja, kisha wakalisheni.

Waonyesheni muia na mkoko ulivyozaa. Mbegu haingoji kudondoka ndipo iote, inaotea juu ya mama yake, inaning'inia kama bamia ndefu, na siku ikiachia inashuka wima ikajichomeka topeni. Kisha tafuteni mchu, majani yake kwa chini ni ya kijivu. Kila mtoto alambe jani moja. Ni chumvi, chumvi ya kweli, mti umeinywa bahari na kuitema juani. Wangu wa mwisho alilamba mengi mno tukamaliza maji ya kunywa kabla ya kufika garini, kwa hiyo chukueni chupa mbili.

Halafu tazameni konokono wadogo walioko topeni chini ya miti. Wanajua saa kuliko mwongoza wageni. Maji hayajafika, tope bado kavu, hata huwezi kuyasikia, wao wameshaanza kupanda shina, mmoja nyuma ya mwengine, polepole, mpaka juu ya alama yatakapofika. Mpe kila mtoto konokono wake amchague, muone wa nani atatia mguu majini.